Kushuka mlima kwa baiskeli: Mchezo unaoanzia kwenye breki

BAISKELI haihitaji kutambulishwa kwa mkazi wa Thika au Ruiru. Kabla ya pikipiki kuzagaa vijijini, ndiyo iliyobeba mitungi ya maziwa, magunia ya kabeji na mafungu ya nyasi za napia kutoka vilima vya Gatundu na Gatanga hadi sokoni.

Mara nyingi mzigo huo ulishuka mteremkoni ukitegemea breki moja tu, nayo ni soli ya kiatu iliyokandamizwa kwenye tairi la nyuma.

Kwa hivyo, mchezo wa kushuka milima kwa baiskeli, ambao ughaibuni huvuta maelfu ya watazamaji na wadhamini wenye fedha nyingi, si jambo geni kabisa katika eneo hili. Kitendo chenyewe kimekuwapo kwa vizazi kadhaa. Kilichokosekana ni vifaa, mafunzo na mahali palipotengwa ili anayeshuka asikutane na matatu mwishoni mwa mteremko.

Makala haya yanaeleza asili ya mchezo huo, kanuni zake, na yale ambayo kijana wa Thika au Ruiru anapaswa kuyajua kabla ya kuuingia kama burudani.

MCHEZO WENYEWE

Uendeshaji wa baiskeli za milimani umegawanyika katika matawi kadhaa. Tawi lenye wafuasi wengi ni lile la mbio za nyikani, ambapo washindani huondoka pamoja na kuzunguka njia yenye milima na mabonde kwa zaidi ya saa moja. Hilo ndilo tawi lililoingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka wa 1996 mjini Atlanta, Marekani.

Mbio za mteremko ni tofauti. Mshindani huondoka peke yake kileleni, saa ikihesabu, na hushuka hadi chini kwa njia moja iliyowekewa alama. Hana mpinzani pembeni mwake. Anayetumia muda mfupi zaidi ndiye mshindi, na aghalabu tofauti baina ya wa kwanza na wa pili huwa ni sehemu ndogo ya sekunde.

Kwa mujibu wa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Uendeshaji Baiskeli (UCI), njia ya mashindano inapaswa kuwa na urefu wa kati ya mita 1,500 na 3,500, na kumalizika kwa muda wa dakika mbili hadi tano. Ndani ya dakika hizo mshindani hupita juu ya mizizi, mawe, mashimo, kona kali na vilima vidogo vya kurukia. Mbio za mteremko hazijawahi kuingizwa katika Olimpiki.

Kuna tawi jingine linalojulikana kama enduro. Humo washindani hupanda milima kwa miguu yao wenyewe bila kuhesabiwa muda wa ushindani, kisha hupimwa wanaposhuka tu. Tawi hili halihitaji gari wala mashine ya kuwabeba waendeshaji hadi kileleni, na kwa sababu hiyo huwafaa zaidi watu wa mfuko wa wastani.

GRISI ILIYOGEUKA MOSHI

Asili ya mchezo huu haikuwa viwandani wala katika ofisi za mashirikisho. Katika miaka ya 1970, kundi la vijana wa Kaunti ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, lilizoea kuokota baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, kuzisukuma hadi juu ya vilima vya karibu na mlima Tamalpais, na kushuka nazo kwa kasi.

Baiskeli hizo zilikuwa na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, ambayo hufanya kazi ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kufika chini, kitovu kilikuwa kimepata moto kiasi cha kuifanya grisi yote kuyeyuka na kutoka kama moshi. Ilibidi kifunguliwe na kujazwa grisi upya kabla ya safari nyingine.

Kutokana na kazi hiyo ya kujaza upya, mteremko wao ukaitwa Repack. Shindano la kwanza mahali hapo lilifanyika Oktoba 21, 1976. Njia ilikuwa na urefu wa takriban kilomita tatu, na ilishuka takriban mita 400. Gary Fisher, mmoja wa vijana hao, aliweka rekodi ya dakika 4 na sekunde 22.

Mwaka wa 1977 Joe Breeze, mwanachama mwingine wa kundi hilo, aliunda fremu mpya zilizokusudiwa kazi hiyo mahsusi. Muda si mrefu Tom Ritchey naye akaanza kuunda zake. Kutoka mikononi mwao ikazaliwa biashara ya baiskeli za milimani iliyoenea duniani kote.

Mashindano ya kwanza ya dunia yaliyotambuliwa na UCI yalifanyika Durango, jimbo la Colorado, mwaka wa 1990. Greg Herbold wa Marekani alishinda mbio za mteremko kwa wanaume, naye Cindy Devine wa Canada akatwaa taji la wanawake.

Bara la Afrika halikubaki nyuma kabisa. Greg Minnaar, mzaliwa wa Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini, alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 2003, kisha 2012, 2013 na 2021. Taji la 2013 alilipata mbele ya watu wa nyumbani, kwani mashindano hayo ya dunia yalifanyika katika mji wake.

KUTOKA MZIGO HADI MCHEZO

Historia ya Repack ina funzo kwa wakazi wa Afrika Mashariki. Mchezo ulizaliwa kutokana na baiskeli kuukuu, nzito, zenye breki mbovu, mikononi mwa vijana waliozijua sana.

Mjini Goma, mashariki mwa Congo, kuna chukudu, gari la mbao lenye magurudumu mawili ambalo hushuka vilima likiwa limesheheni mkaa, viazi au kuni. Waendeshaji wake huheshimiwa kiasi kwamba sanamu ya mmoja wao imesimamishwa mjini humo.

Nchini Rwanda, baiskeli za mbao zilifanya kazi hiyo hiyo. Tom Ritchey, yule yule wa California, aliizuru Rwanda mwaka wa 2005 na kuwaona wakulima wa kahawa wakihangaika na milima. Alianzisha mradi wa baiskeli imara za kubebea mbuni, na mwaka wa 2006 kukaandaliwa shindano ambalo baiskeli za mbao zilikuwa na nafasi yake. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa timu ya taifa ya Rwanda.

Miaka 19 baadaye, Septemba 2025, Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Hayakuwa mashindano ya mteremko, lakini chanzo cha safari hiyo kilikuwa mkulima wa kahawa na baiskeli yake.

Kenya nayo ina mfano wake. David Kinjah, mwendeshaji mkongwe kutoka Kikuyu na mwasisi wa kikundi cha Safari Simbaz, alimlea kimchezo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Wawili hao walizoea kupanda na kushuka vilima vya Kiambu kwa baiskeli za milimani, na wote wawili waliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka wa 2006.

Baadaye Froome, akiwa chini ya bendera ya Uingereza, alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Aidha, kwenye mlima Kenya kumekuwa na shindano la siku tatu liitwalo 10to4, linalochangisha pesa za uhifadhi kupitia kwa shirika la Mount Kenya Trust. Jina hilo linaeleza njia yenyewe, kutoka kimo cha futi 10,000 hadi futi 4,000, yaani kutoka takriban mita 3,050 hadi mita 1,220.

BREKI HUBEBA NINI?

Wengi hudhani kwamba anayeshuka vizuri ni yule asiyeshika breki. Ukweli ni kinyume. Fundi wa mteremko ni mtu anayejua ni wapi, lini na kwa nguvu kiasi gani atapunguza mwendo.

Chukua mfano wa mwendeshaji ambaye uzito wake pamoja na baiskeli ni kilo 80. Akishuka kimo cha mita 100 na kusimama chini, breki zake huwa zimemeza karibu nguvu zote za mshuko huo, isipokuwa sehemu iliyochukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Nguvu hizo zinatosha kupasha moto robo lita ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 95, karibu kikombe kizima cha maji ya chai.

Hilo ndilo lililoyeyusha grisi ya Repack, na ndilo huunguza soli ya kiatu cha mchuuzi wa maziwa.

Jambo la pili ni mwendo. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili kusimama huongezeka mara nne. Mwendeshaji anayeweza kusimama katika mita tatu akiwa na kasi ya kilomita 20 kwa saa, atahitaji takriban mita 12 akifikisha kilomita 40, hata bila kuhesabu muda wa kushtuka kabla ya kushika breki.

Baiskeli ya kazi ijulikanayo kama Black Mamba hutumia vyuma vinavyovuta vipande vya mpira hadi vikagusa rimu. Rimu ikilowa maji au kupakwa tope, mpira huteleza. Baiskeli ya mteremko hutumia sahani ya chuma kwenye kitovu cha kila gurudumu, ikibanwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mpira mwembamba. Sahani hiyo iko mbali na tope la tairi na huweza kuhimili joto jingi.

Isitoshe, baiskeli ya mashindano huwa na springi za mbele na nyuma zinazoweza kunywea kwa takriban milimita 200. Kazi yake kuu ni kulifanya tairi lisiachane na ardhi, kwani tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Tairi lenyewe ni pana na lina meno marefu.

Baiskeli mpya ya kiwango hicho hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Hata hivyo, mwanzilishi haihitaji. Baiskeli ya mitumba ya milimani yenye fremu isiyo na ufa, springi ya mbele inayofanya kazi na breki mbili nzima inatosha kujifunzia katika miteremko ya wastani. Anayelazimika kuchagua baina ya gia nyingi na breki nzuri, na achague breki.

JINSI YA KUSHUKA

Mafunzo ya awali ni machache na hayabadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kwanza, mwendeshaji husimama juu ya pedali zilizo sawasawa, moja mbele na nyingine nyuma, badala ya kuketi. Viwiko na magoti hukunjwa kidogo ili yawe springi ya pili. Mteremko ukizidi kuwa mkali, kiuno hurudishwa nyuma ya kiti.

Pili, macho hutazama mbali, mahali anapotaka kufika. Anayelikodolea macho jiwe huishia kuligonga.

Tatu, mwendo hupunguzwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ikikamatwa ghafla katikati ya kona gurudumu huteleza na mtu huanguka. Breki ya nyuma pekee nayo hukokota tairi na kuchimba njia. Zote mbili hushikwa pamoja, kwa kidole kimoja au viwili, kwa upole na mapema.

Nne, njia mpya hutembewa kwa miguu kwanza. Hata mabingwa wa dunia hufanya hivyo kabla ya siku ya mashindano.

MITEREMKO YA THIKA NA RUIRU

Ardhi ya eneo hili imeinama kutoka safu ya Nyandarua, kaskazini magharibi, ikielekea tambarare za kusini mashariki. Bwawa la Ndakaini, huko Gatanga, liko kwenye kimo cha takriban mita 2,040, ilhali mji wa Thika uko karibu na mita 1,500.

Mito ya Chania, Thika, Ndarugu na Ruiru imefuata mwinamo huo na kuchimba mabonde baina ya migongo mirefu ya ardhi. Kwa sababu hiyo, miteremko mikali si mirefu. Hushuka ghafla kutoka mgongoni hadi mtoni, kisha mtu hulazimika kupanda upande wa pili. Mazingira hayo yanafanana zaidi na enduro kuliko mbio kamili za mteremko, na ni shule nzuri kwa anayeanza.

Udongo mwekundu wa hapa una tabia mbili. Wakati wa kiangazi huwa mgumu na wenye vumbi linalotelezesha tairi kwenye kona. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hugeuka ulimbo unaojaa katika meno ya tairi na kuziba breki za rimu. Siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu bila tope, ndipo huwa mzuri zaidi.

Kwa mlima wa kweli, wakazi wa Thika hutazama Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk, ulio takriban kilomita 25 kutoka mjini katika Kaunti ya Machakos. Kilele chake kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Njia ya gari hupanda hadi huko, ikipita karibu na kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi aliyefariki mwaka wa 1925.

Hata hivyo, mlima huo ni mbuga ya taifa tangu 1967, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na haukuitwa kilima cha mbogo bure. Nyati bado wamo msituni. Anayetaka kuendesha baiskeli humo sharti apate idhini ya walinzi langoni na kufuata maelekezo yao. Kona iliyozibwa na vichaka si mahali pa kupita kwa kasi palipo na nyati.

Waendeshaji wanaotaka njia tulivu za kujifunzia huweza pia kwenda msitu wa Karura jijini Nairobi, ambako baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia maalum. Miteremko yake si mikali, na watembea kwa miguu ni wengi, hivyo kasi si shabaha ya mahali hapo.

ARDHI NI YA NANI?

Suala gumu zaidi ni mahali pa kuendeshea. Vijia vingi vinavyovutia hupita katika mashamba ya kahawa na chai, ambayo ni mali ya watu binafsi, kampuni au vyama vya ushirika. Kuingia bila ruhusa ni kosa, na tairi linaloburura huacha mfereji unaopanuliwa na mvua ya kwanza.

Zaidi ya hayo, mashamba yenyewe yanapungua. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Ruiru ilikuwa na zaidi ya watu 490,000, na sehemu kubwa ya iliyokuwa mikahawa imegeuka mitaa, viwanda na mji mpya wa Tatu City. Kijia kilichotumiwa miaka kumi iliyopita huenda leo kimezibwa na ukuta wa mawe.

Wengine hukimbilia machimbo ya mawe yaliyoachwa katika maeneo ya Juja na Ndarugu. Kuta zake ni wima, kingo zake hubomoka, na wakati wa mvua hujaa maji yasiyojulikana kina. Hapo si mahali pa kuchezea.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni barabara. Vijia na barabara nyingi za migongoni humwaga watu kwenye lami yenye magari, na barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kuzinduliwa mwaka wa 2012, haimsamehe anayejitokeza bila breki. Kanuni ya msingi ni kwamba mteremko wa mchezo humalizikia mahali tambarare au panapopanda, kamwe si barabarani.

Kikundi cha waendeshaji kinachomwendea mwenye shamba kikiwa na majina ya wanachama, siku maalum za kuendesha na ahadi ya kutengeneza njia baada ya mvua, kina nafasi nzuri zaidi ya kusikizwa kuliko vijana kumi wanaoruka ua Jumapili alasiri.

MAJERAHA NA KINGA

Majeraha ya kawaida ni michubuko, kuvunjika kwa mfupa wa mtulinga na kuumia kifundo cha mkono, kwani anayeanguka hutanguliza mikono. La kuogopwa zaidi ni la kichwa na shingo.

Katika mashindano, kofia ngumu inayofunika uso na kidevu ni lazima. Kinga za magoti, viwiko na mgongo, pamoja na glavu, huvaliwa pia. Kofia iliyopata pigo kubwa hutupwa, hata kama haionyeshi ufa, kwani povu la ndani hufanya kazi mara moja tu.

Haifai mtu kushuka peke yake. Mwenzake akianguka na kulalamika maumivu ya shingo au mgongo, au ganzi ya miguu, asiinuliwe wala kuketishwa. Aachwe alivyo, kichwa kikizuiwa kisisogee, huku msaada ukitafutwa. Aliyepoteza fahamu hata kwa sekunde chache, anayetapika au kusahau yaliyotokea, anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Eneo hili lina hospitali ya Thika Level 5, na vilevile hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kikundi kinapaswa kujua, kabla ya kuanza kushuka, ni gari gani litakalompeleka majeruhi huko.

KABLA YA KUSHUKA

Ukaguzi wa mwisho huchukua dakika mbili. Mwendeshaji hushika breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Hushika ya nyuma. Tairi linapaswa kukokota. Hutikisa usukani kuona kama umelegea, hukaza magurudumu, na hupapasa tairi kutafuta mpasuko.

Breki moja ikishindwa jaribio hilo, baiskeli husukumwa kwa mkono hadi chini na kupelekwa kwa fundi. Mchuuzi wa maziwa aliyetumia soli ya kiatu hakuwa na hiari, kwa kuwa maziwa yalikuwa yanangojewa. Anayeshuka kwa kujifurahisha anayo hiari hiyo. Mteremko hauhami, atarudi kesho aukute palepale.